Sungusungu wa Damuni

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bariadi)



Nimeombwa niseme machache juu ya jinsi mwili wa mnyama unavyojilinda na magonjwa. Sitakwenda mbali. Hapa kwetu ng'ombe ndiye benki, ndiye mahari, na ndiye karo iliyowasomesha wengi wetu tulio ukumbini humu.

Boma lina ua wa miiba. Mwili una ngozi na ute wa puani na kooni. Kijidudu kikipenya ua huo, hukutana na chembe nyeupe za damu zilizo katika doria, ambazo hummeza mgeni yeyote mbaya. Zikizidiwa, yowe hupigwa, kama wafanyavyo sungusungu wetu, na chembe nyingine hutoka. Baadhi yake hutengeneza kingamwili zinazomnasa adui mmoja tu aliyekusudiwa. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na ugonjwa mkali huweza kuua kabla haijakamilika. Lakini mnyama akipona, baadhi ya chembe hubaki na kumbukumbu. Mwizi akirudi, hutambuliwa mlangoni. Chanjo, basi, ni kuwaonyesha sungusungu sura ya mwizi kabla hajaja.

Ndama hazaliwi na kingamwili za mama yake. Huzipata katika dang'a, yale maziwa ya kwanza, na utumbo wake huzipitisha hadi damuni kwa muda wa kama siku moja tu. Kwa hiyo aachwe anyonye mapema. Hata hivyo, kinga hiyo ni ya kuazima. Baada ya miezi huisha.

Ushahidi wa maneno haya uko jirani, Serengeti. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, pamoja na nyati na nyumbu. Kwa miaka mingi baadaye, nyumbu wachanga waliendelea kufa mara kinga ya dang'a ilipowaishia. Wengi waliamini kwamba wanyama wa porini ndio waliohifadhi ugonjwa huo. Kisha Dkt. Walter Plowright na wenzake, huko Muguga, Kenya, wakatengeneza chanjo ambayo sindano yake moja humkinga ng'ombe maisha yake yote. Ng'ombe wa kandokando ya hifadhi wakachanjwa. Damu ya nyumbu ilipopimwa, waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hawakuwa na kingamwili za sotoka: maana yake hawakukutana nayo kabisa. Hakuna nyumbu aliyechomwa sindano, lakini idadi yao ilipanda kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya 1,000,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kumbe chanzo kilikuwa zizini! Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kuwa sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani, baada ya ndui.

Ndugu zangu, sotoka imekwenda, lakini ndigana kali ipo. Kijidudu chake huletwa na kupe, nacho ni kijanja: hujificha ndani ya chembe nyeupe zenyewe, yaani mwizi amevaa sare ya sungusungu. Ng'ombe anayeachwa bila tiba mara nyingi hufa. Hata hivyo chanjo ipo. Ng'ombe hupewa vijidudu hai, na papo hapo dawa ya kuvizuia visimzidi nguvu, ili mwili wake upate kujifunza. Gharama yake si ndogo kwa mfugaji mdogo, lakini ipimeni na thamani ya ndama mmoja aliyekufa.

Vijana, likizo ikifika mtarudi makwenu. Mtamkuta mzee anasema, "Mifugo yangu haiumwi, ya nini kuchanja?" Mjibuni kwa adabu kwamba sungusungu hufundishwa wakati wa amani. Mkumbusheni pia kuwa anayechanja hulinda na zizi la jirani, kama nyumbu walivyolindwa na sindano za ng'ombe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.