Mgeni Hushukia Wapi Houston?

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya wauguzi wa jumuiya katika sherehe ya Siku ya Uhuru, 9 Desemba

 

Kamati ilipotupa nafasi hii sisi wauguzi, bila shaka ilitarajia tuseme juu ya chumvi, sukari na presha kama kila mwaka. Leo tunaomba tuzungumzie anuani zetu. Mgonjwa anapokaribia kuruhusiwa kurudi nyumbani, huwa tunamuuliza: unaishi wapi, na unaishi na nani? Majibu hayo mawili hutuonyesha kama atafika kliniki wiki ijayo, kama yupo wa kumchukulia dawa, na kama usiku akizidiwa kuna wa kumgongea mlango.

Jiji hili linakua upesi. Sensa ya 2020 ilikuta watu milioni 2.3 ndani ya mji wa Houston wenyewe, na zaidi ya milioni 7 ukijumlisha maeneo yote yanayouzunguka. Kaunti ya Fort Bend ilikuwa na watu 354,000 hivi mwaka 2000. Mwaka 2020 walifika 822,000. Sisi tumo katika hesabu hiyo.

Lakini wengi wetu hatukuanzia Fort Bend. Tulishukia kusini-magharibi ya mji: Gulfton, Sharpstown, Alief. Watoto mliozaliwa Katy huenda mnapajua kama mahali pa kununulia unga wa ugali na ndizi za kupika tu. Kwa nini tulishukia huko? Mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970, yalijengwa majengo mengi ya apatimenti kwa ajili ya vijana waliofuata kazi. Katikati ya miaka ya 1980 bei ya mafuta ikaanguka, vijana wakaondoka, vyumba vikabaki vitupu. Wenye majengo wakashusha kodi na kuwapokea wageni. Gulfton wakaingia wengi kutoka Amerika ya Kati. Alief, ambako zamani yalikuwa mashamba ya mpunga, wakaja Wavietnamu, wakaja Wanigeria, tukaja na sisi.

Mgeni hachagui mtaa kwa uzuri wake. Anatafuta mtu wa kumpokea, kodi anayoimudu, basi la kumfikisha kazini, na duka lenye chakula anachokijua. Hata Dar es Salaam ni vivyo hivyo: wengi waliotoka Lindi na Mtwara walishukia Mbagala, kwa sababu ndugu zao walikuwa huko na barabara ya kusini inaingilia huko.

Tulilala watano chumba kimoja. Mmoja akirudi kutoka zamu ya usiku, mwingine anaamka kwenda kubeba maboksi, godoro halikupoa. Shahada zetu za uuguzi tulizipatia katika maisha hayo. Jirani alikaa na watoto wetu bila kudai senti, na mwingine alitupakia kwenye gari lake siku za mtihani.

Kisha tukapata leseni, mshahara ukapanda, familia ikakua, tukahama: Katy, Cypress, Richmond, Missouri City, Pearland. Hatusemi kuhama ni vibaya. Chumba cha kila mtoto na uwanja wa kuchezea ni vitu tulivyovitolea jasho. Ila nyumba ya mbali ina hesabu zake, na tunawaomba vijana mnaotafuta nyumba mzipige kabla ya kutia saini.

Kwanza, kodi. Jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato, lakini kodi ya nyumba ni kubwa, na mitaa mingi mipya hulipa pia kodi ya wilaya ya maji, ile tunayoiita MUD. Uliza jumla yote ya mwaka, usiishie kwenye rejesho la benki.

Pili, mafuriko. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilileta mvua ya zaidi ya meta 1 katika sehemu nyingi za eneo hili. Upande wa magharibi, kwenye mabwawa ya Addicks na Barker, maji yaliingia katika nyumba ambazo wengi wa wenyewe hawakujua kwamba zimejengwa ndani ya eneo ambalo bwawa likijaa hufurika. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko hununuliwa peke yake, na ile ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Usingoje wingu.

Tatu, njia. Kutoka Katy hadi Texas Medical Center ni kama maili 30. Kabla ya kununua, iendeshe mwenyewe Jumatatu saa 12 asubuhi uone. Barabara kuu ya Katy ni miongoni mwa zile pana kuliko zote duniani, na bado ina foleni. Aliyekesha wodini usiku kucha, kisha akashika usukani huku anasinzia, anaweza kurudishwa kwetu akiwa mgonjwa.

Nne ndiyo hesabu ambayo wengi hawaipigi: watu. Tunamleta bibi kutoka Moshi au Tanga aje kulea mjukuu. Alfajiri wote tumeondoka. Nje hakuna basi, hakuna genge la mboga, hakuna anayepita akasema hodi. Tukimuuliza mzee kama huyo anaumwa nini, mara nyingi haanzi na magoti. Anasema hapa hakuna mtu wa kuongea naye. Upweke nao unaumiza mwili: usingizi unapotea, hamu ya kula inapungua, dawa zinasahaulika.

Na kule tulikotoka hakukubaki kutupu. Katika apatimenti za kusini-magharibi leo wamo ndugu zetu Wakongo, wengine waliokulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Wanazungumza Kiswahili, na wanahitaji yale yale tuliyoyahitaji sisi. Tofauti ni kwamba sisi tuliwakuta wenyeji wetu jirani, ngazi moja juu au chini.

Hapo ndipo tunapofikia pendekezo lililo mbele ya jumuiya, kwamba kuanzia mwakani mikutano yote pamoja na darasa la Kiswahili la watoto vihamie Katy. Sababu zake ni za kweli: wanachama wengi wako huko, na watoto wanachoka njiani. Lakini tukihamisha kila kitu, mgeni asiye na gari hatatuona. Basi la METRO linafika Alief. Halizunguki katika mitaa yetu ya Katy.

Kwa hiyo sisi wauguzi tunaomba hivi. Darasa la watoto liende Katy. Mkutano wa kila mwezi ubaki Alief, mahali ambapo mtu anafika kwa basi. Na iandikwe orodha ya wenye magari watakaowapitia wazee majumbani na kuwaleta mkutanoni, kila mwezi kwa zamu. Wauguzi wanane tumeshajiandikisha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Houston ni kumwonyesha mtu pa kuombea kazi, kumjazia fomu ya shule ya mtoto, kumfundisha kuendesha gari. Jembe hilo halijileti lenyewe. Lazima liwe na wa kulikabidhi.

Watoto wetu, mkiulizwa kwenu ni wapi, mtaitaja Tanzania na mtaitaja Katy. Itajeni na Alief, maana ndiko wazazi wenu walikopokelewa.

Kura itapigwa mkutano wa Januari. Tunaomba mje. Na kabla muziki haujaanza, meza ya kupimia presha iko upande wa kulia wa ukumbi. Foleni yake ni fupi kuliko ya Katy.