Bahari Haina Mlango wa Kutokea
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya waumini wa Ilongero, Singida)



Baadhi yenu mliposikia kwamba leo nitasema juu ya bahari mliulizana: sisi wa Ilongero na bahari wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Mvua inyeshayo hapa, maji yake hayafiki Bahari ya Hindi. Tumo katika Bonde la Kati, ambalo mito yake huishia katika maziwa ya ndani. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mna ujuzi ambao wengi wa pwani hawana. Mnalijua Ziwa Singidani na Ziwa Kindai. Maji huingia, jua huyapandisha yakawa mvuke, chumvi hubaki. Kila ambacho jua haliwezi kukichukua kimo humo mpaka leo.

Basi bahari nayo ndivyo ilivyo, ila ni kubwa, na ukubwa huo umewadanganya watu. Mito huishia humo, na kinachoondoka ni mvuke tu.

Tuutazame Mto Msimbazi. Unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya Dar es Salaam, na unaingia baharini karibu na Daraja la Salender, penye mikoko. Kwa miaka mingi umepokea maji ya viwanda vya nguo, rangi, vinywaji na vinginevyo, pamoja na majitaka ya majumbani. Wataalamu waliochunguza mto huo na tope lake wamekuta risasi, kromi, shaba na zinki, na metali hizo zimekutwa hata katika mchicha unaolimwa bondeni. Rangi ya nguo huonekana, watu wakapiga kelele. Risasi haionekani, wala haiozi. Hukaa topeni, akaila mnyoo, mnyoo akaliwa na samaki.

Hapa ndipo tabia ya nchi inapoingia. Wakati wa kiangazi uchafu hujikusanya katika mkondo wa mto na mitaro ya jiji; masika yakifika husombwa wote kwa mara moja na kumwagwa baharini. Tena pwani yetu ina pepo mbili. Wakati wa kusi, mkondo wa bahari huenda kaskazini kwa nguvu na kuchukua mengi. Wakati wa kaskazi mkondo hupungua kasi, na maji hupata joto sana mwishoni mwa msimu huo. Maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi, na majitaka yakioza ndani yake hula hata ile kidogo iliyopo. Samaki hukosa pumzi akiwa majini.

Joto lenyewe linazidi. Zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za joto la ziada linalozuiliwa duniani na hewa ya ukaa na gesi nyingine za namna hiyo limemezwa na bahari. Mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Nino ambazo wakubwa wenu mnazikumbuka, matumbawe ya Mafia yalipauka na mengi yakafa. Mafia haina viwanda vya kusingiziwa. Joto peke yake lilitosha. Tumbawe ni jamii ya viumbe wadogo wanaoishi na mimea midogo mno ndani yao, nayo huwalisha. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa kiasi cha nyuzi moja tu, kwa majuma kadhaa, hiyo mimea hutoka. Mwaka 2024 yalipauka tena, pwani yetu na sehemu nyingi za dunia. Penye maji safi tumbawe huweza kuinuka. Penye tope na majitaka, magugu ya bahari hulifunika kabla halijapona, na samaki aliyekuwa akizalia hapo hana pa kwenda.

Unguja, akina mama wanaolima mwani tangu mwaka 1989 wameona aina yenye bei nzuri, iitwayo kotonii, ikifa katika maji ya moto ufukoni, wakabaki na ile ya bei ndogo.

Nanyi pia joto la bahari limewafikia. Mwishoni mwa mwaka 2023 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, na hali hiyo hutuletea mvua nyingi. Tarehe 3 Desemba tope la Mlima Hanang liliishukia Katesh, hapo jirani, wakafa watu zaidi ya 80.

Sasa neno kwa vijana, maana wengi wenu mwaenda Dar es Salaam kutafuta kazi viwandani. Mkono unaofungua koki ya maji machafu usiku, mvua inaponyesha ili asione mtu, huwa ni wa kibarua, si wa tajiri. Amri ya tajiri haimwondolei kibarua dhima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na haki ya kushitaki inapovunjwa. Anayeona jambo hilo akaandika siku, saa na mahali, ameshika ushahidi.

Na wenye mashine za kukamua alizeti, mabaki yenu mnayamwaga wapi? Nitakuwa barazani baada ya Sala ya Alasiri, tulizungumze hilo.