Ubatizo wa Bwana: Mwanzi Uliopondeka na Ulimi wa Klarineti



Wapendwa wasikilizaji, katika somo la kwanza la Dominika hii ya Ubatizo wa Bwana, nabii Isaya anatuonyesha Mtumishi wa Mungu, naye anatupatia alama moja ya kumtambua: akiukuta mwanzi uliopondeka, hauvunji. Mwinjili Mathayo alilichukua neno hilo akalielekeza kwa Bwana wetu Yesu Kristo, mara baada ya kusimulia jinsi Mafarisayo walivyokasirika kwa sababu mtu mwenye mkono uliopooza ameponywa siku ya Sabato.

Biblia zetu za Kiswahili zimeandika mwanzi, na neno hilo ni zuri. Lakini huku kwetu Mbozi mtu akisikia mwanzi huwaza mti mnene wa kujengea uzio. Nabii alikuwa akiwaza tete, jani la kando ya maji, lililo wazi ndani. Matete ya namna hiyo humea kwa wingi ukingoni mwa Yordani, mto ule ule ambamo leo tunamwona Bwana akishuka majini. Tete halina bei. Mpita njia hulikanyaga moja, hulikata jingine, wala hageuki nyuma. Kwa nini basi Mtumishi wa Mungu ajisumbue kwa tete moja, tena lililokwisha pondeka?

Yupo mtu mwingine anayejisumbua kwa tete moja, naye ni mpiga klarineti. Hapa Mbozi Mission tumezoea zaidi tarumbeta za ndugu zetu Wamoravian, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Tarumbeta haina tete. Midomo ya mpigaji ndiyo inayotikisika. Klarineti tunaisikia katika bendi za polisi na za jeshi, na saksafoni, ambayo ni jamaa yake, katika muziki wa dansi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliruhusu vyombo vingine mbali na kinanda, mradi vifae kwa matumizi matakatifu. Kwa hiyo sioni ubaya wa kuileta klarineti mimbarini kwa dakika chache.

Sauti yote ya chombo hicho hutoka katika kipande kidogo cha tete kiitwacho ulimi. Wapigaji wengi husema ridi. Tete lenyewe hulimwa hasa kusini mwa Ufaransa, huachwa likue miaka miwili, hukatwa, na kukaushwa juani. Ncha ya ulimi huchongwa hata ikafikia unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Pumzi ikipita, ncha hiyo hutikisika, na chombo kikaimba. Lakini hakuna matete mawili yaliyo sawa. Katika sanduku moja la ndimi kumi, zenye namba moja na zilizotoka kiwanda kimoja, mpigaji atakuta nyingine nzito, nyingine nyepesi, na nyingine inapiga kelele kama bata. Mwanafunzi huitupa mara moja ile yenye kelele. Mpigaji mzoefu hufanyaje?

Kwanza, huilowesha. Ulimi mkavu hujikunja ncha kama jani la mahindi wakati wa jua, na hakuna awezaye kuuhukumu kabla haujapata maji. Pili, hutazama jinsi ulivyofungwa. Pengine tete halina kosa lolote, bali limekaa upande, au skrubu imekazwa mno. Ulimi ukisogezwa juu kidogo, huwa mgumu. Ukishushwa kidogo, hulegea. Ndugu zangu, ni mara ngapi tumemlaumu mtu kwa kosa la mahali tulipomweka? Tatu, hupuliza akiinamisha chombo upande mmoja, kisha upande wa pili, ili ajue ni upande upi usiotikisika. Hapo ndipo anapochukua msasa laini, au kisu chenye makali. Hukwangua mara mbili au tatu tu, upande ule ulio mzito, kisha hupuliza tena na kusikiliza. Hukwangua tena, na husikiliza tena. Hana haraka, kwa sababu anajua jambo moja ambalo mwanafunzi hajalijua: kilichokwanguliwa hakirudi. Hakuna gundi ya kurudisha unga wa tete.

Napenda makatekista wanisikilize hapa. Neno kanoni, tunalolitumia kwa sheria za Kanisa, latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ufito wa kupimia, na ufito huo asili yake ni tete. Hata kipimo chetu, basi, ni tete. Na kipimo hicho kinasemaje? Kanuni ya 865 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yadai kwamba mtu mzima anayetaka ubatizo awe ameonyesha nia yake, amefundishwa vya kutosha kweli za imani, amejaribiwa katika maisha ya Kikristo, na ahimizwe kutubu dhambi zake. Imetaja toba. Haikutaja aibu.

Nasema hivi kwa sababu ya madaftari yetu. Tunawafahamu mabinti wanaoanza mafundisho, na mwaka wa pili wanapata mimba. Tunduma ni mji wa mpakani. Malori husubiri siku nyingi kuvuka kwenda Zambia, na binti anayeuza chai usiku hukutana na mengi. Jina lake hupigwa mstari mwekundu. Akirudi na mtoto mgongoni, huambiwa aanze upya na wadogo zake, au akae benchi la nyuma hadi wazee waridhike. Wakati mwingine kijana aliyempa mimba yumo kwaya, anaimba sauti ya tatu, wala hakuna aliyemuuliza neno.

Mnamo Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi darasani. Ni jambo la kututafakarisha kwamba mlango wa shule umefunguliwa, na mlango wa mafundisho ya dini katika vigango vingine bado umeegemezwa jiwe. Sisemi kwamba tuufiche ukweli wa dhambi. Ulimi wenye upande mzito hauimbi vizuri kwa kuachwa ulivyo. Nasema tusikilize kwanza upande upi una uzito, na huenda si upande wake peke yake. Bwana aliye bila dhambi alisimama leo katika mstari mmoja na wakosefu, akangoja zamu yake majini. Hakusimama ukingoni akiwahesabu.

Makatekista wapendwa, majuma yaliyobaki hadi Jumatano ya Majivu si mengi, na wateule wataitwa kwa majina Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Kabla ya kumpelekea paroko daftari, fungueni kurasa za miaka miwili iliyopita, mkayasome majina yenye mstari mwekundu. Nendeni nyumbani kwao wawili wawili, mchana, mvua ikiruhusu. Msianze na maswali ya nani na lini. Msalimieni mama mzazi, mpokeeni mtoto, kisha mwulizeni binti kama bado anautaka ubatizo. Akisema ndiyo, jina lake liandikwe tena mahali palepale lilipokuwa, si mwishoni mwa daftari. Na yule kijana wa sauti ya tatu aitwe naye, azungumze na paroko kabla ya mazoezi ya kwaya ya Jumamosi.