Mguu Hurudi kwa Kufanyishwa Kazi

Hotuba ya Mweka Hazina katika mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam

Ndugu zangu wana wa Upare,

Mimi ni mhasibu, si daktari. Nimepewa dakika chache nieleze kwa nini safari hii kamati imeweka kiharusi kwenye changizo, pamoja na madawati na maji. Nitakayosema niliwauliza kwanza wataalamu wa fiziotherapia.

Ugonjwa huu uko kwetu. Utafiti uliofanyika Hai, kwa majirani zetu, na hapa Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba Hai wanapata kiharusi kama watu wa nchi tajiri, na Dar es Salaam kiwango kilizidi cha nchi nyingi kati ya hizo. Wengi wakishaugua mjini hurudishwa nyumbani milimani kuuguzwa.

Mama yangu mkubwa aliruhusiwa kutoka hospitali na mfuko wa dawa na neno moja: apumzike. Akapumzika kweli, miezi miwili kitandani. Siku alipokuja mtaalamu wa mazoezi, jambo la kwanza aliloomba lilikuwa kiti. Leo mama anafika uwani kwa mkongojo.

Kiharusi hakiui mguu. Kinachoumia ni sehemu ya ubongo inayouamrisha. Sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kazi hiyo, ila hujifunza kama mtoto anavyojifunza kutembea, yaani kwa kurudia. Miezi ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa, ingawa hata baadaye mtu huweza kuendelea kupata nafuu.

Mbinu za kuurudisha mguu ni nyingi. Ipo ya Bobath, iliyoanzia Uingereza, ambapo mtaalamu huongoza mwili wa mgonjwa kwa mikono yake. Zipo mashine za kutembelea, upo umeme mdogo wa kuamsha misuli, na yapo mazoezi ya kazi zenyewe: kuinuka, kusimama, kupiga hatua. Mwaka 2014 Cochrane walichapisha mapitio ya tafiti 96 zenye wagonjwa zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba fiziotherapia inasaidia, lakini hakuna mbinu moja iliyozishinda nyingine. Kiasi walichokiona kinafaa ni dakika 30 hadi 60 kwa siku, siku 5 hadi 7 kwa wiki.

Sasa tupige hesabu. Mgonjwa anayeshushwa Moshi mara 2 kwa mwezi, dakika 45 kila mara, anapata dakika 90. Anayefanya mazoezi nyumbani dakika 30 kila siku anapata dakika 900. Hospitali hatuiachi, wala dawa za presha hatuziachi. Lakini mtaalamu hupima na kuelekeza. Kazi kubwa inabaki nyumbani.

Daktari akisharuhusu, mambo yenyewe ni haya:

Akiwa bado kitandani, ageuzwe kila baada ya saa 2 asipate vidonda. Kifundo cha mguu kikunjwe taratibu, vidole vielekee juu, kisije kikakakamaa.

Akiweza kukaa, apewe kiti imara. Nyayo zote mbili chini, visigino nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele, ainuke, kisha akae polepole. Mara 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni ni mara 900 kwa mwezi.

Akisimama, ashike meza na ahamishie uzito kwenye mguu dhaifu, kisha arudishe. Msaidizi asimame upande ule dhaifu. Mkono uliopooza msiuvute kumwinulia, bega litaumia.

Akianza hatua, mkongojo ushikwe kwa mkono mzima. Na kwa njia zetu za milimani: kupanda ngazi au kilima, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu dhaifu utangulie. Akipata kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache na mumpeleke kwa daktari.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji mashine. Linalohitajika ni mtu wa kuonyesha na mtu wa kusimamia kila siku. Wa kuonyesha hawako mbali: KCMC pale Moshi wanafundisha fani hii. Ila zahanati zetu za kijijini hazina mtaalamu huyo, na mgonjwa asiyeweza kusimama ndiye tunayemdai apande pikipiki na basi kumfuata.

Kwa hiyo kamati inaomba fedha za mambo matatu. Kwanza, nauli na posho ya mtaalamu apande kwetu mara moja kila mwezi. Pili, mafunzo kwa watu wawili wa kila nyumba yenye mgonjwa, ili mmoja akienda shamba mwingine awepo. Tatu, malipo ya maseremala wa kwetu watengeneze reli za kushikilia na viti vyenye mikono, vikae zahanati na viazimwe majumbani.

Kila shilingi itaandikiwa risiti, na mahesabu yatasomwa mbele yenu mkutano ujao. Kadi ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Tukumbuke kwamba waliotubeba mgongoni kwenye miteremko ile sasa wanahitaji mtu wa kuwashika mkono hadi mlangoni.