Kutu Huanza na Ringi

Wahitimu, nina neno moja na linahusu ringi, vile vyuma vyembamba vinavyofunga vyuma vikuu vya nguzo, ambavyo mwenye mjengo huvipunguza mwanzo pesa zikimwishia. Hapa Kwale, kuanzia Tiwi hadi Msambweni, upepo hubeba chumvi ya bahari, na fundi anayekoroga zege kwa maji ya kisima cha ufuoni huongeza nyingine mwenyewe. Chumvi ikifikia chuma, kutu huanza, na kwa kuwa kutu hufura, zege hupasuka. Ringi iko karibu zaidi na uso wa nguzo, basi ndiyo hufikiwa kwanza. Kutu ikila milimita 1 kila upande, chuma cha milimita 16 hakipotezi hata robo yake; ringi ya milimita 8 hupoteza zaidi ya asilimia 40. Siku za kawaida hamtaona tofauti, maana uzito hushuka wima na zege huubeba. Tetemeko huisukuma nguzo ubavuni, kwenda na kurudi, na hapo ringi ndiyo huzuia zege lisimwagike na vyuma vikuu visipinde. Kwa hiyo anayejigamba kwamba jengo lake limesimama miaka 30 amelijaribu kwa mzigo mmoja tu.

Mtasema Kwale si Uturuki. Kweli. Lakini tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilipiga baharini kusini-mashariki ya Dar es Salaam, likasikika Mombasa hadi Nairobi. Na la Subukia, humu humu Kenya, Januari 1928, lilikaribia 7. Nchi hii ina kanuni za ujenzi wa kuhimili matetemeko tangu 1973. Hata asiyeziamini, zege lililoshindiliwa vyema na kufunika chuma kwa sentimita 5 humpunguzia gharama za ukarabati.

Kinachoniudhi ni plasta. Nguzo ya hoteli ikipasuka, ufa huzibwa na kupakwa rangi nyeupe kabla ya wageni wa Desemba, na kila mtu huridhika. Chumvi ingali ndani, na kutu huendelea kando ya kiraka, pengine kwa kasi zaidi. Mkiitwa kazi hiyo, egemezeni slebu kwanza, vunjeni zege bovu mpaka nyuma ya chuma, pimeni unene uliobaki, muuandike. Mwenye hoteli atalalamikia bei, atafute fundi mwingine, na huenda akampata kabla ya saa sita mchana. Nakala ya vipimo vyenu ipelekeni kwa wakaguzi wa majengo wa kaunti hata hivyo.