Gofu ya Visahani: Mchezo wa Wale Wasiochaguliwa

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya klabu ya afya ya shule moja ya sekondari mjini Same.)

Naona wengine mmejibana huko nyuma chini ya mwarobaini. Mmefanya la maana, maana jua la Same halina utani.

Nianze na swali. Nani kati yenu yumo katika timu ya shule? Mpira wa miguu, netiboli, wavu, timu yoyote ile. Nyoosheni mikono. Haya, asanteni, shusheni. Mmeona wenyewe kwamba mikono ilikuwa michache. Sasa ninyi wengine, ambao ndio wengi, saa za michezo mnafanya nini? Nasikia mnacheka. Mnakaa pembeni mnapiga stori, mnafua soksi, au mnajificha bwenini. Au siyo?

Leo nimekuja kuzungumza na ninyi mliobaki. Wala siwacheki, kwa sababu nilikuwa mwenzenu. Miaka yangu ya sekondari, kazi yangu uwanjani ilikuwa kulinda viatu vya wenzangu. Siku ya kugawana timu nilibaki wa mwisho, na manahodha wawili wakaanza kubishana nani anichukue. Kila mmoja alitaka mwenzake ndiye anichukue! Aliyewahi kupitia hilo anajua linavyouma. Baada ya muda nikaacha kwenda uwanjani. Nilidhani nimeacha mpira tu, kumbe nilikuwa nimeacha mazoezi yote.

MWILI HAUJUI KAMA ULICHAGULIWA

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, ya wastani au ya nguvu. Angalau siku tatu katika wiki yawemo mazoezi ya kutoa jasho hasa, pamoja na yale ya kuimarisha misuli na mifupa. Ushauri huo haukusema "kwa wale wanaojua kupiga chenga". Umesema kijana, basi. Moyo wako, mapafu yako na mifupa yako havijui kama ulichaguliwa au hukuchaguliwa.

Mtasema, "Lakini sisi ni watoto wa Upare, tumezoea milima." Ni kweli kabisa. Ulipokuwa nyumbani Chome, Suji au Mbaga, kwenda shule ya msingi kulikuwa kupanda na kushuka. Ukitumwa maji, ni mlima. Ukitumwa dukani, ni mlima. Ulikuwa unafanya mazoezi bila kujua. Sasa umekuja bweni huku chini. Kutoka kitandani hadi darasani ni hatua ngapi? Hamsini? Mia? Kutwa nzima umekaa, jioni umekaa, usiku prepu umekaa. Miguu iliyopanda milima sasa inapanda ngazi tatu za bwalo. Halafu unashangaa kwa nini mwili mzito, usingizi hauji vizuri, na kichwa kimejaa mawazo ya mitihani.

Kwa hiyo tunahitaji mchezo ambao kila mtu anaingia, hakuna wa kukaa benchi, na unakurudishia ule mwendo ulioacha nyumbani. Upo. Unaitwa gofu ya visahani.

ULIANZA NA MIFUNIKO YA MAKOPO

Gofu ya kawaida mmeisikia: fimbo, mpira mdogo mweupe, uwanja wa nyasi, na fedha ambazo mimi na wewe hatuna. Hii nyingine haina fimbo. Unarusha kisahani kinachopaa, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kifike mahali palipowekwa alama. Anayefika kwa mirusho michache ndiye mshindi.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1926, katika kijiji kidogo cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan huko Kanada, mwanafunzi mmoja aitwaye Ronald Gibson na wenzake wa shule ya msingi walichora miduara mchangani kwenye uwanja wa shule yao. Kila duara lilikuwa na upana wa mita moja na kitu. Wakachukua mifuniko ya makopo, wakawa wanarusha na kulenga miduara ile. Mchezo wakauita gofu ya mifuniko ya bati. Walikuwa na mchanga na makopo. Je, Same hatuna mchanga?

Visahani vya plastiki vya kiwandani vilikuja baadaye. Mwaka 1975, katika bustani ya Oak Grove, jimbo la California nchini Marekani, bwana mmoja, Ed Headrick, alitengeneza uwanja wa kwanza wa kudumu wa mchezo huu. Mwaka uliofuata, 1976, akaanzisha chama cha wachezaji. Yeye ndiye aliyebuni pia kile kikapu chenye minyororo ambacho leo hutumika viwanjani: kisahani kinagonga minyororo, kinapoteza kasi, kinaangukia kikapuni. Bwana huyu alifariki mwaka 2002, na majivu ya mwili wake yakachanganywa kwenye plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Naona mmeshtuka! Kila mtu na mapenzi yake.

UWANJA WETU WA VITUO TISA

Huko kwao unachezwa sana kwenye bustani za miji. Kwetu hapa hifadhi iliyo karibu ni Mkomazi, na huko kuna vifaru na mbwa mwitu, kwa hiyo tutabaki ndani ya uzio wa shule.

Mwezi uliopita tuliweka uwanja mfupi kwenye shule nyingine ya wilaya hii. Tulifanya hivi. Tulichagua vituo tisa kuzunguka eneo la shule. Kituo cha kwanza kilikuwa shina la mgunga: kisahani kikiligusa, umefika. Cha pili kilikuwa duara mchangani, la tatu beseni bovu lililowekwa juu ya matofali, na kuendelea hivyo. Kati ya mahali pa kuanzia na kituo tuliacha hatua 40 hadi 60, basi. Anayeanza asiwekewe umbali wa kumkatisha tamaa.

Badala ya visahani tulitumia mifuniko ya plastiki ya ndoo. Jamani, nchi nzima inatutania Wapare kwamba senti hatuiachii. Basi huu ndio mchezo wetu, maana hauli senti!

Mifuniko ya bati tusiitumie, ingawa Gibson na wenzake waliitumia. Ukingo wake unakata kama kisu. Ukikatwa na bati, bana jeraha mpaka damu ikome, lioshe kwa maji safi na sabuni, halafu nenda zahanati waangalie kama unahitaji chanjo ya pepopunda. Usipake majivu wala udongo.

Na ninyi ambao shule zenu ziko juu milimani, msikate tamaa. Najua zipo shule ambazo kupata uwanja tambarare wa mpira ni shida, na mpira ukitoka, mtu anaufuata bondeni mpaka kwenye tangawizi za watu. Mchezo huu hauhitaji tambarare. Mteremko ni sehemu ya mchezo wenyewe. Weka kituo juu, kingine chini, na mashamba ya watu myaepuke.

NAMNA YA KURUSHA

Simama ubavu, bega la mkono unaorushia likiangalia kituo. Shika mfuniko, kidole gumba juu, vidole vinne chini ya ukingo, upande wenye mdomo ukiangalia chini. Vuta mkono mpaka kifuani, kisha achia kwa kukifyatua kifundo cha mkono, kama mtu anayegawa karata.

Wengi wanaoanza hutumia nguvu, na mfuniko unapinda na kuanguka. Siri ni kuuzungusha. Mnaijua pia ya kuchezea? Ikizunguka inasimama, ikiacha inalala. Mfuniko nao ni hivyo hivyo: usipozunguka, hautakaa sawa hewani. Rusha chini chini, usawa wa kiuno au kifua. Upepo ukiwa unakuja usoni, na Same mnaujua upepo wake, shusha zaidi ukingo wa mbele.

Kanuni ni chache. Chezeni kikundi cha watu watatu au wanne. Rusha kutoka pale kisahani kilipoangukia. Aliye mbali zaidi na kituo ndiye anayerusha kwanza, na wengine wote wakae nyuma yake. Usirushe kama kuna mtu mbele. Kisahani kikielekea kwa mtu, piga kelele "Chonjo!" Kikiingia kichakani, tumia fimbo kukitoa, usiingize mkono, maana nyoka naye anapenda kivuli. Vaeni viatu, miiba ya mgunga haina huruma. Chezeni kuanzia saa kumi jioni jua likipoa, na kila mmoja aje na maji ya kunywa.

Mwenye pumu acheze, ila dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni. Mwenye ugonjwa wa seli mundu azungumze kwanza na daktari wake, anywe maji ya kutosha na apumzike mapema.

Na nyinyi dada zangu, naomba tuseme wazi. Wasichana wengi huacha michezo wakianza hedhi. Wengine wanaogopa kuchafuka, wengine wameambiwa watadhurika. Kucheza ukiwa kwenye hedhi hakudhuru, na wengine mwendo huwapunguzia maumivu ya tumbo. Mwenye maumivu makali apumzike na kumwambia matroni, hilo si jambo la kuonea aibu. Kaka zangu, mkiona dada kavaa suruali ya michezo anarusha kisahani, kazi yenu ni kusubiri zamu. Maneno yenu ndiyo yanayowatoa wengi uwanjani.

MIRUSHO KUMI NA MOJA

Kwenye ile shule niliyoitaja, alikuwepo binti mmoja wa kidato cha pili. Hakutaka kucheza. Alisema, "Mimi michezo siiwezi." Tukamwomba ajaribu. Kituo cha tano wenzake walimaliza kwa mirusho mitatu, minne. Yeye mfuniko ulikwenda kushoto, ukarudi nyuma, ukagonga ukuta wa jiko. Wenzake wakacheka. Alipofika kituoni nikamwuliza, mingapi? Angeweza kusema sita, hakuna aliyekuwa anahesabu. Akasema, "Kumi na moja." Akaiandika mwenyewe kwenye daftari.

Kicheko kikaisha.

Wiki iliyofuata kituo kile kile alimaliza kwa mirusho minane. Baada ya hapo, sita. Bado alikuwa wa mwisho katika kikundi chake, lakini alikuwa wa kwanza kufika uwanjani. Kwenye mpira, ukikosea, timu nzima inakukasirikia. Hapa ukikosea, unatembea mpaka kilipoangukia, unarusha tena. Unashindana na namba yako ya wiki iliyopita.

Sitaki kuwadanganya. Vituo tisa, kwa watu wanne wanaoanza, huchukua kama dakika 40, na sehemu kubwa ni kutembea na kusubiri zamu. Peke yake haitoshi. Zunguka mara mbili, kimbia kidogo kati ya kituo na kituo, na kuruka kamba usikuache. Lakini aliyezoea kukaa lazima aanzie mahali, na hapa hakuna atakayemfukuza.

NANI ATABAKI NAO?

Namalizia. Mnajua ile gofu ya mifuniko kule Bladworth iliishia wapi? Wale watoto walikua, kila mmoja akaenda zake, na mchezo ukafa. Ule uwanja wa California ulikuja kutengenezwa karibu miaka 50 baada ya wao kuanza.

Nawaambia hili kwa sababu mimi ni mtu wa mradi. Mradi una mwanzo na una mwisho, na siku moja gari letu halitakuja tena. Kidato cha nne, nanyi mtaondoka. Mkiondoka na mchezo wenu, kidato cha kwanza watarudi pembeni kukaa na kufua soksi, na yule aliyebaki wa mwisho siku ya kugawana timu hatakuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Leo saa kumi jioni tutachora vituo tisa. Kila mwanafunzi wa kidato cha nne aje na mfuniko mmoja wa ndoo, na aje na mdogo wake mmoja wa kidato cha kwanza ambaye hayumo katika timu yoyote. Mnawajua, mnawaona kila siku. Mfundishe kushika, mfundishe kurusha, na mfundishe kuandika namba yake ya kweli.

Mimi nitakuwepo na mfuniko wangu. Wiki iliyopita kituo cha tano nilimaliza kwa mirusho saba. Njooni mnishinde.