Anga Lina Mwenyewe: Raia Waliouawa kwa Mabomu na Swali la Nani Athibitishe

Kwenye kadi ya mwaliko mliandikiwa kwamba nitazungumzia mustakabali wa sheria za vita Afrika Mashariki. Waliokuja kwa ajili hiyo wanisamehe. Nimekuja kujibu hoja moja.

Mwaka jana, katika kongamano Nairobi, mwanasheria mwenzangu, afisa mstaafu wa jeshi na mtu ninayemheshimu, alisema kwamba jeshi lililofuata kanuni halidaiwi chochote na raia aliyeuawa kwa bahati mbaya. Na pale inapodaiwa kwamba kanuni zilivunjwa, mdai athibitishe. Kisha akatoa mfano wa Jilib, kusini mwa Somalia. Jilib, alisema, hakuna wa kuthibitisha, kwa hiyo hakuna la kujadili. Ukumbi ukapiga makofi. Nami nikapiga, kwa adabu.

Kanuni za utofautishaji, uwiano na tahadhari mnazifahamu, na Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 imo kwenye mitihani yenu. Nazipita. Twende Jilib.

Tarehe 2 Februari 2020 kombora la Marekani lilipiga nyumba moja mjini hapo. Kamandi ya Marekani ya Afrika, AFRICOM, ikatangaza kwamba gaidi mmoja ameuawa. Amnesty International wakawapigia simu watu wa mji na jamaa wa familia hiyo, wakakuta habari nyingine: watu walikuwa wameketi kula chakula cha usiku, aliyekufa ni binti wa miaka 18, na waliojeruhiwa ni wadogo zake wawili na bibi yao. Julai mwaka huohuo AFRICOM wakakiri, kwenye taarifa yao ya kila robo mwaka, kwamba raia mmoja aliuawa na watatu wakajeruhiwa.

Taarifa hizo za robo mwaka zilianza kutolewa Aprili 2020, na nawashauri wanafunzi wangu wazisome kama wanavyosoma hukumu. Utakuta tarehe, eneo lililotajwa kwa jumla, madai, kisha uamuzi: yamethibitika, au hayakuthibitika. Karibu yote yanaangukia upande wa pili. Ukiuliza hayakuthibitika kwa kipimo gani, unaambiwa kwamba kumbukumbu za jeshi zimeangaliwa na hazilingani na madai. Maana yake, mshitakiwa amepekua makabati yake mwenyewe, akarudi kutuambia hakukuta kitu.

AFRICOM waliweka pia mtandaoni mahali pa kupelekea malalamiko. Sasa mchukueni yule bibi wa Jilib. Mji uko mikononi mwa Al-Shabaab, ambao tangu 2014 wamepiga marufuku intaneti ya simu, na mtu akikutwa na simu ya kisasa anaweza kuhesabiwa jasusi. Atafute simu, atafute mtandao, aandike saa na mahali, ataje alama ya kombora, halafu asubiri barua pepe? Mwenzangu wa Nairobi anasema hakuna ushahidi. Ushahidi upo. Ndege isiyo na rubani hairuki ikiwa imefumba macho. Kabla ya kombora kutoka, kuna watu wamekaa mbele ya skrini wakiitazama nyumba ile, na picha hizo zinarekodiwa na kuhifadhiwa. Kumdai bibi ushahidi ni kumwambia afungue sanduku ambalo ufunguo wake umo mfukoni mwako.

Na picha zikitoka, hutoka pale zinapompendeza mwenyewe. Septemba 2015, ndege za muungano dhidi ya Dola la Kiislamu zilipiga nyumba mbili za ndugu wawili mjini Mosul, Iraki. Video ya shambulio ikapandishwa YouTube, ikiitwa kiwanda cha mabomu ya magari. Mmoja wa ndugu hao alinusurika. Aliwapoteza mke, binti, kaka yake na mtoto wa kaka yake. Akaja kuiona nyumba yake ikilipuliwa kwenye YouTube, mbele ya watazamaji wa dunia nzima. Jeshi la Marekani lilimpa ahadi ya dola 15,000, akakataa. Baadaye ikajulikana kwamba ndege ilikuwa ya Uholanzi, na mwaka 2020 serikali ya Uholanzi ikakubali kumlipa kwa hiari, bila kukiri kosa. Kila hatua ya safari hiyo aliitembea yeye na waandishi wa habari. Mwenye video hakumtafuta.

Wala tusidhani ni habari ya Wazungu peke yao. Oktoba 2011, wiki mbili tu baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia, ndege zilipiga kambi ya wakimbizi wa ndani huko huko Jilib. Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa wakiwahudumia watu wa kambi, walihesabu watu 5 waliokufa, watatu kati yao watoto, na majeruhi 45. Jeshi la Kenya likasema limepiga Al-Shabaab. Bonde lile la Juba si ugenini kwetu: kuna vijiji huko ambako Kizigula kinazungumzwa mpaka leo, na Chogo, wilayani Handeni, wanaishi watu waliotoka huko wakikimbia vita. Machi 2024, Shabelle ya Chini, droni za kutengenezwa Uturuki zilizosaidia operesheni ya jeshi la Somalia ziliua, kwa hesabu ya Amnesty, raia 23, wakiwemo watoto 14. Bendera zinabadilika, jibu ni lilelile.

Sasa nije kwenye hukumu ninayoipenda kuliko zote. Wanafunzi wangu wataguna, maana wameisikia kila muhula.

Tarehe 22 Oktoba 1946 manowari za Uingereza zilikuwa zikipita katika mlango-bahari wa Corfu, kati ya kisiwa hicho cha Ugiriki na pwani ya Albania. Moja, Saumarez, ikagonga bomu la majini. Nyingine, Volage, ikaenda kuivuta, nayo ikagonga. Mabaharia 44 wakafa. Nani aliyatega mabomu yale? Uingereza haikujua, na mpaka hukumu inasomwa mwezi Aprili 1949 mtegaji hakuwa amethibitishwa. Albania ikajibu sawasawa na mwenzangu wa Nairobi: sijui, si mimi, thibitisheni.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilifanya nini? Ilipeleka wataalamu wa majini mpaka Albania. Wakapanda kwenye vituo vya ulinzi vya ufuoni, wakasimama kwenye monasteri ya San Giorgio wakitazama baharini, na usiku wakafanya jaribio la chombo majini kuona kama mlinzi wa pale juu angekigundua. Napenda sana kuwafikiria wazee wale wa manowari, gizani, wametega masikio. Wakarudi wakasema: kama ulinzi wa kawaida ulikuwepo na hali ya hewa ilikuwa ya kawaida, mtegaji asingeweza kufanya kazi ile bila kuonekana. Mahakama ikahitimisha kwamba Albania ilijua, na ilipaswa kuonya. Desemba mwaka huohuo ikaiamuru ilipe pauni 843,947.

Kiini chake ni hiki: pale tukio linapotokea mahali panapodhibitiwa na dola moja peke yake, mwathirika hana njia ya kuleta ushahidi wa moja kwa moja, kwa hiyo aachiwe uhuru mpana zaidi wa kujenga hoja yake kwa mambo yanayozunguka tukio. Aliyenufaika na kanuni hiyo ni Uingereza, dola iliyokuwa na manowari, wapelelezi na mawakili wa kila namna. Kama Uingereza ilihurumiwa kwa kukosa ushahidi, bibi wa Jilib afanyweje?

Mwenzangu ni msomaji mzuri. Atanikumbusha kwamba hukumu ileile ilisema udhibiti wa eneo, peke yake, hauhamishi mzigo wa kuthibitisha. Ni kweli, ilisema hivyo. Lakini mahakama haikubaki 1949. Mwaka 2010, katika shauri la Diallo, mfanyabiashara wa Guinea aliyefukuzwa Kongo, ilisema si haki kumtaka mdai athibitishe kwamba jambo fulani halikufanyika, wakati serikali ndiyo yenye kumbukumbu za kuonyesha kwamba lilifanyika. Na tarehe 9 Februari 2022, katika shauri la Kongo dhidi ya Uganda, ikaenda mbali zaidi: kwa madhara yaliyotokea Ituri, ambako Uganda ilikuwa mkalia ardhi, Uganda ndiyo ilitakiwa kuonyesha kwamba dhara fulani halikutokana na uzembe wake. Ushahidi wa vifo ulikuwa na mapengo makubwa. Kongo ilidai vifo 180,000. Mahakama ikaona ushahidi unaelekea kati ya 10,000 na 15,000, ikakadiria kiasi cha jumla: dola milioni 325, zikiwemo milioni 225 kwa madhara ya watu, zilipwe kwa awamu tano. Waliokuwa Kisangani Juni 2000, siku sita za makombora ya Uganda na Rwanda, hawakuombwa risiti ya kila kaburi.

Itasemwa Ituri ilikaliwa kwa askari wa miguu, na Jilib haikaliwi na yeyote isipokuwa Al-Shabaab. Nimelipima hilo kwa muda mrefu, na nakiri lina uzito wake. Hata hivyo sioni kwa nini anayekaa juu ya nyumba, akaitazama, akaamua saa ya kuibomoa, ahesabiwe kuwa na udhibiti mdogo kuliko mlinzi wa San Giorgio aliyekuwa na macho yake na darubini tu. Anga lile lina mwenyewe, angalau kwa saa hizo.

Niruhusuni kidogo. Machi 1979 nilikuwa mtoto wa shule Mwanza. Ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin ilikuja kulipua bohari ya mafuta, ikakosa shabaha, ikapiga Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama. Mtumishi mmoja alijeruhiwa kidogo na wanyama kadhaa wakafa. Sisi watoto tulikimbilia ufukweni kutazama, tukarudishwa kwa viboko. Ninachokumbuka hasa ni mtunza wanyama mmoja, jirani yetu, akiwasimulia wakubwa barazani jioni ile. Alijua ni swala gani waliokufa, jike au dume, na yupi alikuwa na mimba, kwa kuwa kila asubuhi alikuwa akiwahesabu. Hakuna mtu aliyemwambia hesabu yake hailingani na kumbukumbu za rubani.

Nirudi kwenye nusu ya kwanza ya hoja: aliyefuata kanuni hadaiwi. Mfano wake mzuri ni Kabul. Tarehe 29 Agosti 2021 droni ya Marekani iliua raia 10, watoto 7 kati yao. Mwanzoni jeshi lilijisifu. Baada ya uchunguzi wa New York Times likakiri kosa. Inspekta jenerali wa jeshi la anga akapitia faili na kusema hakuna sheria iliyovunjwa, na hakuna aliyeadhibiwa. Tuseme alisema kweli. Je, deni limekwisha?

Tulinganishe na chuma kisicho cha vita. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma, yenye kipenyo cha kama mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Kama ingeangukia nyumba ya mtu, sheria ingekuwa wazi. Mkataba wa mwaka 1972 unasema chombo cha anga za juu kikileta madhara ardhini, nchi iliyokirusha inalipa, iwe imekosea au haikukosea. Setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954 ilipoanguka Kanada Januari 1978, Umoja wa Kisovieti ulilipa dola za Kanada milioni 3. Hakuna aliyetafuta nia ya mhandisi. Kwa hiyo chuma kilichopotea njia kikikuangukia kutoka angani unalipwa, ila kikielekezwa kwako na mtu anayekutazama, kwanza thibitisha. Nimewauliza wanasheria wa kijeshi wa nchi tatu wanieleze mantiki yake. Wawili walicheka.

Wapo wanaopinga fidia kwa sababu nyingine, na hao nawasikiliza zaidi. Wanasema fidia bila kosa itageuka leseni: ua, lipa, endelea. Wanasema bei ya maisha huwekwa na mlipaji. Wasomali wenyewe, ambao mila yao ya mag, yaani fidia ya damu, ilimkadiria mwanamume kwa ngamia 100 na mwanamke kwa nusu yake, wana wanawake wanaoikosoa hadharani, na wana haki. Hatari zote hizo zipo. Lakini leseni ya kuua bila kulipa tayari inatumika. Bunge la Marekani liliidhinisha dola milioni 3 kwa mwaka za malipo ya hisani kwa waathirika. Mwaka 2020, mwaka wa Jilib, Wizara ya Ulinzi iliripoti kwamba haikutoa malipo hata moja. Na deni haliondoi jinai: anayestahili kizimba aende, na anayedai fidia asimsubiri.

Nani atalisikiliza shauri kama hili? Marekani ilijitoa kwenye mamlaka ya lazima ya Mahakama ya Kimataifa katika miaka ya 1980, na mahakama zake zenyewe huyaita mashauri haya ya kisiasa. Muulizeni mwenye kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum, kilicholipuliwa Agosti 1998 kulipiza mabomu ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam, ambaye shauri lake lilitupwa mwaka 2010. Kenya ni habari nyingine. Imeridhia Itifaki ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, ila haijatoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kuishitaki huko. Lakini Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, hupokea malalamiko bila tamko hilo, na inaweza kuyafikisha Arusha yenyewe, kama ilivyofanya dhidi ya Libya mwaka 2011. Na katika uamuzi wa Kongo dhidi ya Burundi, Rwanda na Uganda, Tume hiyohiyo ilikwisha kukubali kwamba Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu unaivuka mipaka pamoja na askari.

Kliniki yetu ya sheria itaanza muhula ujao na faili la Jilib, Oktoba 2011. Tutakusanya kumbukumbu za hospitali, picha za setilaiti na maelezo ya waliokuwepo, wakiwemo wa Chogo wenye jamaa huko. Barua ya kwanza itaandikwa Nairobi, kwa Wizara ya Ulinzi, na itaomba mambo mawili: orodha ya ndege zilizoruka siku ile, na kila picha iliyorudi nazo.